Mkono wa Kushoto

Sisi wa bonde la Kilombero tunaijua vizuri gharama ya vitu viwili vilivyokosana kwa kipimo kidogo. Reli ya TAZARA, inayopita hapa Mlimba kwenda Makambako na hatimaye Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Reli nyingine, ya tawi linalotoka Kilosa hadi Kidatu, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, hata kiganja cha mtu mzima hakifiki. Lakini kwa ajili ya hizo 67 behewa la reli moja haliwezi kuendelea na safari katika reli ya pili, na mwaka 1998 ikabidi pawepo kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu. Hakuna aliyeng'oa reli. Walihamisha mizigo.

Nimeanza na reli kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza ni dogo zaidi ya hilo, na msomaji asiyekaa mbele ya kompyuta anaweza kulidharau. Ni habari ya orodha ya majina iliyokuwa ikifunguka mahali pasipo pake.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa kutazama kompyuta za ghala moja la mpunga. Wakati wa mavuno, mwenye shida huuza hapo hapo shambani kwa bei yoyote. Mwenye uwezo wa kuvumilia huweka magunia yake ghalani, akingoja bei ipande mwishoni mwa mwaka. Karani hupima mzigo kwenye mizani (mabishano ya lumbesa ni kisa kingine, tuyaache), kisha huingiza habari katika programu. Kisanduku cha kwanza kinapokea namba ya kadi ya mkulima, cha pili jina lake, cha tatu uzito. Jina halichapwi. Ukibofya kisanduku chake, orodha inafunguka chini yake, kila jina na namba yake pembeni, nawe unachagua. Kwa nini programu isilete jina yenyewe ikishapewa namba? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Nadhani aliyeiandika hakupata kukaa kwenye meza ya karani siku yenye foleni.

Kompyuta ya zamani ilipokufa, ikanunuliwa ya mapajani, mpya, yenye kioo cha kugusa. Programu ikapandishwa, ikafunguka vizuri, kila mtu akafurahi. Badiliko lilikuwa moja tu. Orodha ile ilikuwa pana kuliko kisanduku chake, na katika kompyuta ya zamani upana uliozidi uliangukia kulia, palipokuwa pawazi. Katika hii mpya uliangukia kushoto, ukafunika kisanduku cha namba ya kadi. Yaani pale karani alipohitaji kulinganisha namba na namba, moja ilikuwa imezibwa. Akawa anaichukua kichwani.

Kwa majina ya kwetu hilo si jambo dogo. Mjukuu hupewa jina la babu, binti jina la shangazi, na vijiji vinapakana. Katika orodha ile lilikuwapo jina la mama mmoja lililobebwa na watu watatu, wawili wao wa kijiji kimoja.

Mwezi wa kwanza, shule zilipokuwa zinafunguliwa, mmoja wa wale watatu alikuja na mjukuu wake aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Alikuwa ameweka magunia 11. Kompyuta ikasema 4. Nilikuwapo siku hiyo. Hakupiga kelele, alimtazama karani akasema, "Mwanangu, mimi nilihesabu kwa mkono wangu." Magunia 7 yalikuwa yameandikwa kwa somo yake, na somo yake alikwisha kuyauza. Stakabadhi ya karatasi ilikuwa imeloa mvua haisomeki. Kabla ya jioni kulikuwa na watu sokoni wanaomwita karani mwizi.

Niliomba anionyeshe kazi anavyoifanya, hatua kwa hatua, na ndipo nilipoiona ile orodha ikianguka kushoto. Nikapiga picha ya kioo, nikaichapa, tukaipeleka mbele ya kamati. Kwa wazee wale picha ilitosha. Mmoja alisema hata yeye angekosea. Waliandikiwa waliotengeneza programu, wakajibu kwamba wamepokea. Basi.

Chanzo chake nilikipata baadaye, na nakiri kwamba kina akili ndani yake. Tangu Windows ya kompyuta za kalamu ilipotoka mwaka 2002, mtumiaji aliweza kueleza anaandika kwa mkono gani. Mtu wa mkono wa kulia akigusa kioo kwa kalamu, mkono wake unaziba upande wa kulia. Kwa hiyo menyu zifunguke kushoto azione. Mwenye mashoto, kinyume chake. Ndani ya mashine hayo yote ni tarakimu moja, ambayo mafundi huiita MenuDropAlignment: ikiwa 1, orodha huangukia kushoto, ikiwa 0, kulia. Kompyuta yetu, kwa kuwa ilikuwa na kioo cha kugusa, ilijihesabu kuwa ya kalamu, na ikamhesabu karani kuwa wa mkono wa kulia. Kweli ni wa mkono wa kulia. Lakini alikuwa akitumia mausi, mkono wake uko mezani, hauzibi kitu. Na aliyepanga visanduku vile hakufikiria kwamba orodha ingeweza kugeuka.

Programu hatukuweza kuifungua na kuirekebisha. Tulichoweza ni kuiambia kompyuta kwamba karani ni mwenye mashoto. Nilifungua mipangilio, nikabadilisha mkono, nikaiwasha upya mashine. Orodha ikarudi kulia. Karani alicheka hadi akatoa machozi, akasema mama yake alimchapa utotoni kwa kupokea vitu kwa mkono huo, na leo anaandikishwa rasmi.

Yule mama alilipwa na mfuko wa ghala mwezi wa pili, na somo yake akakubali kurudisha kidogo kidogo kila mavuno. Mjukuu aliingia darasani wiki kadhaa baada ya wenzake.

Tangu hapo ghala limenunua kompyuta nyingine mbili. Sikuitwa. Karani mwenyewe huzigeuza mkono kabla hazijapokea hata gunia moja, na juu ya kila kifuniko amebandika karatasi yenye maneno mawili kwa kalamu nyekundu: MKONO USIGUSWE.