Usinunue 'deksa' kabla mapafu hayajapimwa

Ukiambiwa kwamba jamaa yako ana maji kwenye mapafu, waelewa nini? Wengi niliowauliza hudhani huo ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Kumbe twafunika magonjwa matatu kwa blanketi moja!

Kwanza, kuna maji yanayokusanyika nje ya pafu, karibu na mbavu. Hayo mara nyingi huletwa na kifua kikuu, na daktari huweza kuyatoa kwa sindano. Pili, kuna yale yanayojaa mapafuni kwa sababu moyo umechoka kusukuma damu. Mgonjwa hupewa dawa ya kumfanya akojoe. Tatu, pafu lenyewe huweza kujeruhiwa na nimonia, malaria kali, Covid au hata moshi. Vijishipa vya damu huvuja, vifuko vya hewa vikajaa maji, na mgonjwa huwa kama anayezama ilhali yuko kitandani.

Aina hii ya tatu ilitubishia hodi mwaka 2021. Shemeji yangu, dereva wa lori, alishikwa na homa na kikohozi akiwa Kakuma, mji unaojulikana kwa kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Katika duka moja la dawa aliuziwa tembe za deksamethasoni, ambazo wengi huziita deksa, bila kuulizwa mengi. Aliambiwa zitakausha kifua. Hamu ya chakula ikamrudia, akajiona amepona, akakawia. Siku ya nne hakuweza kumaliza sentensi moja bila kuhema. Hapo ndipo wenzake walipomkimbiza Lodwar, safari ya kilomita zipatazo 120.

Nilipowasili kutoka Nairobi nilimkuta na mpira wa oksijeni puani. Ajabu ni kwamba dawa aliyokuwa akidungwa ilikuwa deksa ile ile! Nikamuuliza daktari, iweje dukani iwe hatari na hapa iwe tiba? Akanionyesha kifaa kidogo kilichobana kidole cha mgonjwa. "Dada," akasema, "tunaanza na namba hii, si na tembe."

Alinieleza kwamba deksa haikaushi maji. Ni steroidi, jamaa ya homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili inapopandwa na hasira hata ikaanza kuchoma nyumba inayoilinda. Uvujaji hupungua, pafu likapata nafasi ya kupona. Lakini kinga ikitulizwa kabla ya wakati wake, viini ndivyo vinavyofurahi.

Ushahidi upo. Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza kwamba deksa ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa sehemu moja kati ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Hapa Kenya, utafiti wa nimonia katika hospitali 18, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 23 waliopewa steroidi, dhidi ya 26 ambao hawakupewa. Nafuu ipo, lakini si muujiza.

Shemeji alipona, akarudi kwenye usukani. Hata hivyo, deksa ya kujinunulia huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala na kupandisha sukari ya damu. Ukiizoea kwa muda mrefu kisha ukaiacha ghafla, zile tezi za juu ya figo huenda zikashindwa kuamka.

Kwa hivyo, mzazi na mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, mgonjwa wako akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ilhali ni mtu mzima, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kuzungumza kwa sababu ya kuhema, usipitie dukani. Mpeleke hospitalini moja kwa moja. Mkifika, uliza mambo mawili: oksijeni yake ni ngapi, na maji haya yametoka wapi? Na kama alikwisha kumeza tembe zozote, mwambie daktari bila kuona haya.