Mteja Asinunue Kontrol Boksi Kwanza

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Taa ya breki za ABS, cheki injini na ile ya usukani zimewaka kwa pamoja, mshale wa spidi umelala, na kijana aliyekuja na mashine ya kupimia amekwambia boksi la ABS limekufa, lipo la mtumba Gerezani, mteja alete hela. Nakuomba mteja asitoe hela bado. Na kwa kuwa najua mafundi wengi wanasumbuliwa na jambo hilihili, nakujibu hapahapa gazetini. Watakaochoshwa na habari za nyaya watanivumilia wiki hii.

Itazame tena ile picha ya mashine uliyonitumia. Kodi zote zinaanza na herufi U. Zinazoanza na P ni za injini na geabox, C za chesisi, B za bodi. U ni za mawasiliano. U0121 haisemi kwamba ABS imeharibika. Inasema kuna mwenzake aliyesubiri taarifa kutoka ABS na hakuipata. Anayelalamika ni mzima, anayelalamikiwa huenda naye ni mzima, na ugonjwa uko njiani kati yao. Mashine inakutajia aliyenyamaza, haikuambii kwa nini amenyamaza. Hapo ndipo pesa nyingi za wateja zinapotea, huko kwetu na hata huku Ujerumani, kwa sababu huku pia wapo mafundi wa kusoma kodi na kuagiza kipuri. Tofauti ni kwamba wao huvaa ovaroli safi.

Chukulia kikao cha ukoo. Maboksi makuu ya gari yamekaa kwenye nyaya mbili zilezile, na kila mmoja anasikia kila kinachosemwa. ABS ikishapima mwendo wa magurudumu, haimwiti mtu faragha, inatangaza kwa wote. Dashibodi inaichukua habari hiyo isogeze mshale wa spidi, usukani wa umeme unaamua ukusaidie kiasi gani, injini nayo ina hesabu zake. Ndiyo maana hitilafu moja imekuwashia taa tatu. Kila ujumbe una namba yake, na namba ndogo ndiyo yenye heshima: wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye namba kubwa ananyamaza palepale na kungoja, na maneno ya mwenye namba ndogo hayaharibiki hata kidogo. Mtu akizidi kukosea, anajitoa kikaoni mwenyewe asiwaharibie wengine. Ukoo wetu, Mjomba, haujafikia adabu hiyo.

Mfumo huu unaitwa CAN, na ulizaliwa katika eneo hili ninaloishi. Bosch, kampuni ya huku Stuttgart, walianza kuuunda mwaka 1983 na kuutangaza Detroit Februari 1986. Mwaka uliofuata chipu zake zikaanza kutoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz wakauweka kwenye S-Class. Kilichowasukuma kilikuwa shida ya kawaida kabisa: kila swichi na kila sensa ilikuwa na waya wake mpaka inakokwenda, na magari yalivyozidi kuongezewa vikorombwezo, mzigo wa nyaya ukanenepa mpaka ukawa uzito na gharama.

Uliniuliza pia kwa nini nimerudi darasani wakati gereji yako ilishanipa kazi ya mkononi. Jibu ni kwamba tangu mwaka 2003 hapa fundi makanika na fundi waya si watu wawili tena. Kazi hizo ziliunganishwa kuwa fani moja, mafunzo yake ni miaka mitatu na nusu, siku nyingine uko gereji, siku nyingine uko chuoni. Mimi ndiye mzee wa darasa. Wanafunzi wenzangu karibu wote wamezaliwa baada ya mwaka huo wa 2003, wananiita kwa jina bila haya, na nimeshazoea. Kilichonifurahisha ni mwalimu wetu wa umeme. Skana, yaani mashine ya kusoma kodi, aliifungia kabatini. Tulipewa mita, mchoro wa nyaya na gari alilolitegea hitilafu mwenyewe, tukaambiwa tutafute.

Somo hilo nililiona likifanya kazi juzi kwenye gereji. Ililetwa gari ya kusambaza vifurushi, usukani mzito, spidi haisomi, dashibodi ina taa kama Kariakoo usiku wa sikukuu. Maboksi manne yalikuwa yanamlalamikia mmoja. Mkuu wetu wa kazi, mtu wa maneno machache, hakugusa simu ya kuagizia vipuri. Alitoa terminal ya betri, akanywa kahawa yake taratibu hadi maboksi yalale, kisha akaniambia nipime omu kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye ile soketi ya chini ya usukani. Mita ikasoma 120. Hapo akatabasamu. Ncha mbili za mtandao huu kila moja ina rezista ya omu 120, ili mawimbi yakifika mwisho yasirudi nyuma kama mwangwi. Mbili hizo kwa pamoja zinatakiwa kusoma 60. Ikisoma 120 maana yake upande mmoja umekatika, rezista moja haionekani.

Tukafuata mchoro mpaka plagi iliyo chini ya kioo cha mbele, pale maji ya mvua yanapopitia. Kwa nje ilikuwa nzuri. Ilipofunguliwa, pini moja ilikuwa ya kijani, imeliwa na kutu. Huku majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, na chumvi hiyo haichagui bodi wala pini. Pini ikabadilishwa, mita ikasoma 60, taa zote zikazimika. Boksi lililokuwa linatuhumiwa lipo palepale kwenye gari hadi leo.

Huko kwetu chumvi ya barabarani hakuna, lakini kuna wanaoosha injini kwa maji ya presha, kuna magari yaliyopitia mafuriko, na kuna mafundi wa alamu na treka wanaochuna waya wowote wanaoukuta na kuufunga selotepu. Kuna na panya. Usidhani Wazungu wamenusurika: huku kuna kanyama kembamba, ukikaona utadhani nguchiro, kanaingia usiku chini ya boneti na kutafuna nyaya na mipira. Watu hukata bima dhidi yake, na bima inalipa.

Nikuombe jambo kuhusu ile tochi yako ya kutobolea waya, maana najua unaipenda. Kwenye nyaya hizi za CAN iache. Balbu yake inavuta umeme mwingi kuliko mtandao huu ulivyozoea, na tundu unaloliacha kwenye ganda la waya ndilo litakaloingiza maji mwakani. Tumia mita. Swichi ikiwa imewashwa, waya uitwao wa juu utasoma kama volti 2.6 na uitwao wa chini kama 2.4, ukizijumlisha unakaribia 5. Zikipotoka sana hapo, kuna waya uliogusana na bodi, au na umeme wa betri, au zimegusana zenyewe kwa zenyewe.

Utaziona zimesokotwa pamoja. Hilo si pambo. Kelele za umeme kutoka koili za plagi au alternata huzipiga nyaya zote mbili sawasawa, na kwa kuwa maboksi yanasoma tofauti kati ya waya na waya, kelele inajifuta yenyewe. Zikifumuliwa, kinga hiyo inapungua. Kwa hiyo ukiunga, choma kwa risasi, funika vizuri, kisha zisokote tena; pasibaki zaidi ya sentimita 5 hivi zilizonyooka. Na kila waya uurudishe kwa mwenzake. Vioo vya madirisha na waipa mara nyingi vina mtandao wao mdogo wa waya mmoja, wa polepole, huo hautakusumbua sana.

Kitakachokusumbua ni magari mapya zaidi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwenye Jeep kupitia mtandao wa simu, wakaizima ikiwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Baada ya hapo baadhi ya watengenezaji wakaweka lango kati ya soketi na maboksi: skana isiyosajiliwa kwao inasoma lakini hairuhusiwi kufuta wala kubadili kitu. Wizi na udukuzi ni hatari ya kweli, nakubali, ila lango hilohilo linamfungia nje fundi wa mtaani na kumpeleka mteja kwa wakala. Huku magereji yalikwenda mahakamani, na Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema mtengenezaji hawezi kuweka masharti ambayo sheria haikuyataja. Uamuzi huo hauvuki bahari. Magari hayo yakianza kushuka kwa wingi bandarini Dar es Salaam, mafundi wa Ilala watakuwa na lango lakini hawatakuwa na mahakama hiyo, na sijaona anayelizungumza.

Gari la mteja wako si la kizazi hicho. Kwa hiyo kesho toa terminal ya betri, ngoja kama dakika kumi, pima 6 na 14. Ukipata 60, uti wa mtandao haujakatika. Nenda kwenye fyuzi na eathi ya ABS, kwani boksi lisilo na umeme nalo hunyamaza. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza rezista ya tatu, na mimi ningemuuliza mteja nani alimfungia treka.

Nitumie namba utakayoipata, na picha ya plagi ya ABS kwa ndani, si kwa nje. Yule kijana wa mashine usimfukuze. Mwambie tu aje na mita.

Mpwa wako,
Stuttgart