Kiti cha Mwamuzi

Mwamba ngoma, walisema wazee, ngozi huivutia kwake. Hawakusema hivyo ili kumtukana mwamba ngoma, bali kutujulisha tabia ya mkono: mkono huvuta upande ule ulipo mwili. Mtu aweza kuwa mwema na msema kweli, na hata hivyo mkono wake ukavuta vivyo hivyo. Nataka kukuonyesha maana ya methali hii, msomaji, katika jambo linalodhaniwa kuwa dogo, nalo ni mashindano ya kuchora.

Mahali nilipokuwa nikikaa, chama kimoja cha ushirika kilitaka alama ya kutiwa juu ya mlango wa ghala lake. Mtu ye yote aliruhusiwa kuchora, na mshindi aliahidiwa zawadi ya fedha. Waamuzi walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mjomba wa kijana aliyeshinda. Mchoro wa kijana yule ulikuwa mzuri. Niliitazama michoro yote, wala sikuona mwingine uliouzidi. Lakini tangu siku jina lake liliposomwa, hapakuwa na mtu aliyeusifu mchoro. Watu wote walimzungumza mjomba. Kijana alipata fedha zake, asipate heshima yake. Tazama, basi, mjomba aliwadhulumu akina nani: si walioshindwa tu, ambao hawatajua kamwe kama walishindwa kwa haki, bali na mpwa wake mwenyewe aliyempenda.

Labda utauliza: Je, kama mjomba aliamua kwa moyo safi? Yawezekana. Lakini moyo ni sanduku lililofungwa, na wanadamu hawana ufunguo wake. Wao huona kiti tu, na aliyekikalia. Haki iliyotendwa gizani haina tofauti na dhuluma machoni pa wale wanaongoja nje.

Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana zamani. Mwaka 1981 yalifanywa mashindano huko Marekani ya kubuni ukumbusho wa askari wao waliokufa katika vita vya Vietnam, ili ujengwe katika mji wa Washington. Ililetwa michoro 1,421. Kila mchoro ulipewa nambari, na majina yakafichwa, hata waamuzi wanane wasijue kazi ipi ni ya nani. Walichagua nambari 1026. Jina lilipofunuliwa, mshindi alikuwa Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Yale, binti wa wazazi waliohamia kutoka China. Baadaye ukuta wake mweusi ulizusha ugomvi mkali, na wengi waliuchukia kabla haujazinduliwa mwaka 1982. Lakini nani angeweza kusema kwamba alipendelewa na watu wasiojua jina lake?

Kijijini, hata hivyo, nambari pekee haitoshi. Mjomba huujua mkono wa mpwa wake kama aujuavyo mwendo wake. Hapo hapana budi ulimi ufanye kazi ambayo nambari imeshindwa kuifanya. Mwamuzi na aseme mapema, mbele ya wote, kabla mchoro wo wote haujatazamwa: "Jamaa yangu yumo, naomba mwingine akae mahali pangu." Maneno hayo hayagharimu hata senti moja.

Nawe siku moja utaitwa kuamua: beji ya shule, wimbo wa darasa, au jambo kubwa zaidi utakapokuwa mtu mzima. Ukimwona rafiki yako miongoni mwa washindani, usijiulize kama unaweza kuwa mwadilifu, kwa maana kila mtu hujijibu kuwa aweza. Ondoka kitini. Rafiki akishindwa, hatakuwa na sababu ya kukulaumu. Akishinda, ushindi utakuwa wake mwenyewe, wala hapana atakayeweza kumnyang'anya.