MAISHA YA NESI, SEHEMU YA 9: Simu ya mkataba kutoka ng'ambo

Nimetoka night, nimelala kidogo, sasa nijibu swali mlilonijazia inbox tangu niandike habari za mama kuvunjika nyonga: "Dada nesi, mdogo wako katoka Marekani na simu kali, ilikuwaje asipatikane?"

Jibu fupi: simu ilikuwa bado imefungwa na kampuni. Jibu refu someni, maana Desemba inakuja na ndugu zetu wanarudi.

Marekani wengi hawanunui simu cash. Mtu anachukua kwa mkataba, analipa kidogo kidogo miezi 24 au 36, na simu inafungwa isikubali laini ya mtandao mwingine mpaka deni liishe. Kila laini ina namba ndani yake inayoanza na namba ya nchi. Zetu Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641. Simu inaisoma namba hiyo, ikikuta si ya kampuni yake inakataa. Ni kama sisi tunavyopima damu kabla ya kumwongezea mgonjwa, isipolingana haiingii. Hata eSIM ni hivyo hivyo.

Kinachodanganya watu ni roaming. Unashuka Dar, laini yako ya kule inashika mtandao, nyumbani WhatsApp inafanya kazi kwa Wi-Fi, unajua simu ni nzima. Kumbe bado imefungwa.

Mdogo wangu alimaliza deni lote wiki moja kabla ya safari. Kampuni yake ikamwambia simu itafunguka yenyewe. Hawakumwambia kwamba malipo yanachukua siku kadhaa kuonekana kwenye mfumo wao. Alipofika akasajili laini mpya kwa NIDA na alama ya kidole, namba ikaandikwa kwenye faili la mama, akaenda moja kwa moja kukaa benchi la nje ya wodi. Kuiweka laini, simu ikaigomea.

Sasa usiku ule wakahitaji watu wawili wa kuchangia damu. Jamani, wodini hatupigi WhatsApp. Tunapiga simu ya kawaida, namba iliyo kwenye faili. Wakapiga, haipatikani. Wakanipigia mimi, nami nilikuwa zamu kwenye hospitali ninayofanyia kazi, simu iko kwenye kabati. Alfajiri nesi mmoja, Mungu ambariki, akatoka akalitaja jina la mama kwa sauti kwenye mabenchi. Mdogo wangu alikuwa pale pale, hatua thelathini! Upasuaji uliopangwa asubuhi ukafanyika jioni. Mama alikaa na yale maumivu siku nzima.

Tulichofanya asubuhi ile: tukanunua kiswaswadu, laini ikaingia humo, kwisha habari. Simu kubwa ikafunguka siku ya sita.

Basi mwambieni ndugu yenu haya kabla hajapanda ndege:

1. Abonyeze *#06# apate IMEI, namba 15, aiandike pembeni. Kampuni wataiulizia.

2. Amalize deni mapema, kisha aombe mwenyewe simu ifunguliwe. Asingoje ijifungue. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 inamruhusu mtu kufungua simu yake, ila kampuni hailazimiki kuifungua kama bado inamdai.

3. Ahakikishe kwa macho. Kwenye iPhone, mipangilio, sehemu ya About, panatakiwa paandikwe "No SIM restrictions". Simu nyingine, aazime laini ya kampuni tofauti aijaribu huko huko.

4. Asibahatishe code. Ukikosea mara kadhaa baadhi ya simu zinajifunga moja kwa moja.

Walioko Uingereza wana nafuu, tangu Desemba 2021 kampuni haziruhusiwi kuuza simu zilizofungwa. Kanada walianza Desemba 2017. Simu za zamani kidogo ndizo za kuangalia.

Na mafundi wetu? Wapo wazuri. Ila kile kichipu chembamba wanachokuwekea pamoja na laini kinaweza kugoma siku ukisasisha programu ya simu. Na simu iliyoripotiwa kuibiwa ni ishu nyingine kabisa, kufunguliwa laini hakuiondoi kwenye orodha ya IMEI zilizozuiwa.

La mwisho nasema kama nesi: ukiwa na mgonjwa, andikisha namba mbili za watu wawili tofauti, na mwombe nesi azipige mbele yako ziite. Hatutachukia. Sisi ndio tunaohangaika usiku kukutafuta.

Mama anaendelea vizuri, anatembea na fremu na anagombeza watu kama zamani. Sehemu ya 10 nitaandika mazoezi ya mgonjwa wa nyonga nyumbani. Mwenye swali aliweke hapo chini.