Kabureta moja au mbili? Coccinelle ya baba mmoja mkimbizi wa Goma

Ndani ya garaji moja ya Goma, chini ya turubai, imesimama Volkswagen Coccinelle iliyofunguliwa nyuma. Mwenyewe ni baba wa watoto watano aliyekimbia kijiji chake upande wa Masisi. Nyumba ilibaki, shamba lilibaki, ng'ombe walibaki. Gari tu ndilo lilifika, likiwa limebeba watoto, godoro na sufuria. Leo ndilo linalisha familia. Viti vya nyuma vimetolewa, na kila asubuhi linapeleka makala, vitunguu na kabichi sokoni.

Motere yake si ile iliyotoka kiwandani. Ilikuwa 1300, yenye silinda za milimita 77. Fundi alitia silinda na pistoni za milimita 85,5 pamoja na vichwa vyake, sasa ni sentimita kyubu 1 584, ile watu wanaita 1600. Lakini kabureta ilibaki ya zamani, Solex ya milimita 30. Gari likipanda na mzigo linakosa pumzi.

Hapo mdogo wake aliye Ubelgiji akapiga simu: amepata Weber mbili za aina ya 40 IDF, kila moja ina makoo mawili, kwa hiyo kila silinda itakuwa na koo lake. Bei ilikaribia pesa yote ya akiba, ile mama wa watoto alikuwa anaiwekea minervali. Baba alikuwa amekwisha kukubali.

"Motere kubwa inataka mdomo mkubwa," alimwambia fundi.

Fundi, mzee mwenye mvi, hakumcheka. Alimuuliza maswali matatu. "Papa, unapita barabara gani? Unapanda na mzigo ama mtupu? Na kitu kimoja kikiharibika, utakipata wapi hapa Goma?"

Kisha akachukua chaki, akaandika hesabu kwenye mlango wa garaji. Motere ya namna hii inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 4 000 kwa dakika, inapaswa kuvuta karibu litri 3 170 za hewa. Kwa kuwa silinda hazijai kabisa, tuseme litri 2 700. Lakini kwenye mawe ya lava na katikati ya motari na chukudu, Papa anatembea na mizunguko 2 000, hata chini yake. Hewa inayopita hapo ni nusu tu.

Na hiyo ndiyo siri ya kabureta. Upepo unaopita kwa kasi kwenye koo jembamba ndio unavuta esansi. Koo likiwa pana kuliko mahitaji, upepo unakuwa mlegevu, na esansi inaingia kama matone badala ya ukungu. Ukikanyaga, motere inakohoa. Koo likiwa jembamba mno, motere inakabwa kwenye mwendo wa juu. Weber 40 zinaweza kufungwa kwenye 1600, ila zinataka makoo madogo ya ndani, jikleri zake, na mtu wa kuzilinganisha ili zote zivute sawasawa. Silinda moja ikikosa esansi ya kutosha inapata moto kupita kiasi, na pistoni inaweza kuungua.

Tena kuna vumbi. Vumbi la Goma ni la volkano, linasaga chuma kama msasa. Kabureta mbili zinataka chujio mbili nzuri. Wengi wanaziacha wazi kwa ajili ya mlio wake, na kisha silinda mpya zinakwisha mapema.

Jambo la mwisho ndilo lilimshangaza baba. Goma iko kwenye mita karibu 1 500 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Hakuna kabureta itakayorudisha nguvu hiyo yote. Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa ya chini, ikiletwa huku inatoa esansi nyingi mno: moshi mweusi, buji nyeusi, na pesa inapita kwenye bomba la moshi. Dawa yake ni jikleri kuu, kile kipande cha shaba chenye tundu. Namba yake inaonyesha upana: 127,5 ni milimita 1,275. Kwa huku fundi anashuka hatua mbili, hadi 122,5, kisha anatazama buji.

Walikubaliana kutafuta Solex 34 PICT-3, kabureta moja ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye 1600 kuanzia modeli za 1971. Ya kwanza waliyoletewa ilikuwa inang'aa, lakini fundi alipotingisha mhimili wa kile kisahani kinachofungua koo, ulicheza. Hewa ingepenya pale, na hakuna jikleri ingeponya ugonjwa huo. Aliirudisha. Ya pili ilikuwa chafu, lakini mhimili wake ulikaza. Hiyo ndiyo walinunua, pamoja na bomba la kati linaloendana nayo. Fundi alizibua pia tundu la bomba dogo la joto, lililojaa masizi. Lisipopitisha moto, asubuhi ya baridi esansi inaganda ukutani mwa bomba, na mtu anasingizia kabureta.

Walijaribu gari kwenye barabara ya Sake, likiwa na magunia matatu ya makala. Lilipanda bila kukohoa. Waliporudi, fundi alitoa buji nne, akazipanga juu ya kitambaa. Zilikuwa za rangi ya kahawia. Baba aliziangalia muda mrefu, kisha akampigia mdogo wake simu: "Zile Weber, uza tu. Mungu akubariki kwa kutufikiria."

Pesa iliyobaki haikulala garajini. Jioni ile mama aliihesabu mara mbili mbele ya watoto. Ilitosha minervali ya watatu. Wawili bado. Kesho yake saa kumi na moja ya asubuhi, Coccinelle ilikuwa imekwisha kupakia kabichi.