Gisenyi: Gare Isiyo na Reli

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Barabara ya lami itokayo Kigali kuelekea kaskazini-magharibi ni ndefu, nayo imejaa milima na mizunguko. Lakini ina ncha yake, na ncha hiyo ni mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Basi likifika hapo dereva huzima moto na abiria wote huteremka, kwa maana mbele hapana kituo kingine cha nchi ya Rwanda. Mahali hapo wenyeji hupaita "gare".

Mgeni ajuaye Kifaransa huenda akatazama huku na huku akitafuta reli, maana katika lugha hiyo gare ni stesheni ya treni. Hataiona. Rwanda haina hata kilomita moja ya reli ya abiria. Neno lilikuja pamoja na utawala wa Kibelgiji, treni yenyewe haikuja. Basi watu wakalichukua jina wakakipa kituo cha mabasi. Ndivyo Gisenyi ilivyopata kuwa mwisho wa njia ya reli ambayo haikujengwa.

Si kwamba reli hiyo haikupata kufikiriwa. Wajerumani walipokuwa wakiitawala Tanganyika pamoja na Rwanda na Burundi, Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Hapo Tabora palikusudiwa kuchipuka tawi la kwenda Rwanda, kufuata mpindo wa mto Kagera. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, na vita vikaikatiza. Upande wa kaskazini, reli ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956, ikakomea hapo. Mwezi Januari 2018 viongozi wa Tanzania na Rwanda walikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Lakini hata hiyo ikikamilika, msafiri wa Gisenyi atalazimika kumalizia safari yake kwa basi.

Na safari hiyo ina mengi ya kutazama. Gari hutoka Nyabugogo, Kigali, likaanza mara moja kupanda kilima cha Shyorongi, likapita Gakenke hadi Musanze, mji uliokuwa ukiitwa Ruhengeri, ambako volkeno za Virunga zimejipanga kama askari katika gwaride. Kutoka hapo baridi huzidi. Mashamba ya viazi ulaya hupanda mlima mpaka karibu na mawingu, na mama mwenye mtoto mgongoni asiyechukua sweta hujuta kabla ya kufika Mukamira. Baada ya Bigogwe njia huanza kuteremka. Hupita soko la Mahoko karibu na mto Sebeya, mto ambao usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika na kubomoa nyumba nyingi. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Kisha huonekana chai ya Pfunda, kijani kibichi kama zulia. Halafu ghafula, chini kabisa, ziwa.

Ziwa Kivu lipo mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hayana mamba wala viboko, hivyo watoto huogelea na wazazi wakakaa mchangani kwa utulivu. Lakini chini kabisa, katika kina kipitacho mita 400, imelala gesi ya methani kwa wingi mno. Kiwanda cha bia kilichojengwa Gisenyi mwaka 1957 kilipata kuitumia gesi hiyo kuchemshia mitambo yake. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, taa zikiwaka na nyimbo zikiitikiana, kwenda kuvua sambaza. Samaki hao wadogo ni dagaa wale wale wa Ziwa Tanganyika, waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi mtu wa Kigoma aketiye Gisenyi mbele ya sahani ya sambaza waliokaangwa wakakauka vizuri, na ndimu pembeni, anakula kitoweo cha kwao.

Hata hivyo, anayedhani kwamba Gisenyi ni mahali pa kupumzikia tu bado hajaijua. Na atazame gare asubuhi, mabasi ya kwanza yanapofika. Huteremka akina mama wenye magunia ya karoti, kabichi, vitunguu na maharage, na vikapu vya mayai vilivyofunikwa kwa majani. Hakuna anayekaa. Kila mmoja hukaza kanga yake, hujitwika mzigo au huita pikipiki, akashika njia ya kuelekea mpakani. Kwao gare si mwisho wa safari. Ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwa miguu, na huishia Goma.

Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyopakana ukuta kwa ukuta. Mipaka ya sehemu hizi iliamuliwa Brussels mwaka 1910, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipokaa mezani wakagawana milima ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Kuna malango mawili. Bariyeri Kubwa, karibu na ziwa, ni ya magari na wasafiri wa mbali. Bariyeri Ndogo, upande wa Mbugangari, ni ya wanyonge: wachuuzi, vibarua, wanafunzi, na walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu ambazo hubeba shehena kuliko mkokoteni. Katika siku za amani makumi ya maelfu ya watu hupita hapo tangu alfajiri hadi jioni. Lugha inayosikika zaidi ni Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini ambacho watu wa Gisenyi walikwisha kukirasimisha wenyewe sokoni zamani sana.

Mama aliyepita na karoti asubuhi hurudi alasiri na vitenge, au na fedha taslimu. Faida yake ni ndogo. Ndiyo ada ya shule, ndiyo sabuni, ndiyo chumvi ya jioni. Mtaji wake ni ule mzigo wa kichwani. Ukioza siku moja, kesho hana cha kununulia mwingine. Kwa sababu hiyo hakuna habari inayoogopwa katika gare hiyo kama habari ya kwamba lango limefungwa.

Nayo limefungwa mara nyingi. Mwezi Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na wachuuzi wengi wakala mitaji yao. Mwezi Juni 2022, baada ya ufyatulianaji wa risasi pale Bariyeri Ndogo, upande wa Kongo uliamua lango lifungwe saa tisa alasiri; atakayechelewa atafute pa kulala. Mwezi Januari 2025 vita vya kuutwaa mji wa Goma vilivuka mpaka kwa njia ya hewani: risasi na mabomu yaliangukia Gisenyi, yakaua raia waliokuwa majumbani mwao. Askari na polisi wanaosoma ukurasa huu wanajua maana ya kulinda lango siku kama hizo. Mbele kuna hatari ya kweli. Nyuma kuna foleni ya akina mama, na mayai juani.

Mji huu umekwisha kuona makubwa kuliko hayo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa katika makaburi ya Gisenyi, mahali panapoitwa Commune Rouge, ambapo leo pana kumbukumbu yao. Mwezi Julai mwaka huo huo mamia ya maelfu ya watu walipita kwenye malango haya kwa siku chache wakikimbilia Goma. Mwezi Novemba 1996 mamia ya maelfu walirudi kwa njia ile ile, wamebeba mikeka na masufuria. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, zamu ilikuwa ya watu wa Goma kukimbia kuja Gisenyi, na milango ya nyumba nyingi ilifunguliwa kuwapokea. Katika miaka thelathini kila upande umepata kuwa mkimbizi wa mwingine.

Pengine ndiyo sababu ya uchuuzi kutokufa. Mwaka 1976 marais wa Rwanda, Zaire na Burundi walitia saini hapa Gisenyi mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Jumuiya hiyo imepata kulala na kuamka, ikalala tena. Mama wa karoti hakusubiri. Anaijenga kila siku kwa miguu yake.

Jua likikaribia kuzama nyuma ya ziwa, gare hujaa mara ya pili. Wale wa asubuhi wamerudi, magunia yamekunjwa kwapani. Ukitaka kujua kama lango lilikuwa wazi, huna haja ya kuuliza, tazama magunia. Yakiwa matupu, watu husemezana kwa sauti na kununuliana mahindi ya kuchoma. Yakiwa yangali yamejaa, basi zima huwa kimya. Dereva huwasha moto, taa hugeukia milimani, na safari ya kwenda Mahoko, Mukamira na Musanze huanza upya kutoka mwisho wa njia.