Gunia Lisilofichika

Mzee mmoja wa Wete, anayeishi Maskati, hunyamaza kila anaponusa karafuu katika pilau. Shamba la kwao Pemba lilikuwa la urithi, lakini baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi wa halali wa mavuno alibaki mmoja: Serikali. Bei yake ilikuwa ndogo, ya Mombasa kubwa, na Shimoni iko ng'ambo tu ya mkondo. Mwenye kuvusha karafuu zake mwenyewe akaitwa mfanya magendo. Katika zama za Abeid Amani Karume, adhabu ya kosa hilo iliweza kufika kifo.

Karafuu haifichiki, harufu yake hulitangulia gunia. Hata hivyo, usiku mmoja kaka yake alipakia magunia matatu katika mashua. Hakurudi. Mama yao hakwenda kuuliza kituoni, maana kuuliza kulikuwa kukiri. Hakuweka matanga, maana matanga yangeulizwa sababu. Aliendelea kuanika karafuu asubuhi na kuzianua jioni, akiwajibu majirani kwamba mwanawe yuko Unguja.

Leo mzee humwita kaka yake marehemu, neno ambalo mama yao alikufa hajalitamka.